Mahabusu Aliyekwisha Kuachiwa

Saa mbili na robo asubuhi, Ijumaa ya mwisho kabla ya likizo ya mahakama, mwanamke mmoja fundi cherehani aliketi mbele ya meza ya Inspekta na kusema jambo ambalo Inspekta alimwomba alirudie.

"Kaka yangu aliachiwa huru mwezi wa tano. Mpaka leo yumo ndani."

"Aliachiwa na nani?"

"Na hakimu, afande. Nilikuwepo, benchi la pili kutoka mbele. Hakimu alisema mshtakiwa hana hatia, aachiwe mara moja. Wakamrudisha gerezani kukamilisha taratibu. Ndizo hizo taratibu anazikamilisha mpaka sasa."

Inspekta aliandika: mwezi wa tano, tarehe kumi na tatu, Jumatatu. Hakuinua macho. Kituoni walimwita Mama Barafu, wala hawakumwita hivyo kwa ubaya. Walimaanisha tu kwamba unaweza kumletea habari ya maiti au ya harusi, naye akaipokea kwa uso uleule. Zamani alikuwa na hasira, tena ya kutosha, lakini miaka kumi na sita ya kujaza fomu nakala tatu tatu ilikuwa imeimaliza, ikabaki kazi. Kazi aliijua.

"Kaka yako anafanya shughuli gani?"

"Fundi mizani. Ya madukani, ya mabohari, hata ile mikubwa ya kupimia malori. Walisema kavunja bohari na kuiba nyaya. Siku hiyo alikuwa mji mwingine anatengeneza mizani, na mwenye mizani alikuja kumtolea ushahidi."

"Umeulizia wapi?"

"Niulize wapi sijaulizia! Mahakamani wananiambia wao kazi yao wamemaliza, niende gerezani. Gerezani pale dirishani wananiambia hati haijafika, nirudi mahakamani. Nikija hapa kaunta naambiwa kesi imefungwa. Mara thelathini na moja, afande. Viatu hivi ni jozi ya pili." Akashusha pumzi. "Wifi yangu kajifungua mwezi wa saba. Mtoto hana cheti cha kuzaliwa kwa sababu baba lazima atie sahihi mwenyewe, na gerezani wanasema hawawezi kuthibitisha sahihi ya mtu ambaye mahakama imeshamwachia. Nyumbani hayupo, gerezani hayupo. Yupo wapi?"

"Na leo mahakama inafungwa saa tisa na nusu."

"Mpaka mwezi wa pili. Ndiyo maana nimekuja kukaa hapa. Siondoki."

"Unamshuku nani?"

Fundi cherehani alivuta kiti mbele. "Karani wa masjala ya mahakama. Mwenye bohari kamwoa dada yake. Mashemeji hao. Mimi si mpelelezi, afande, lakini hiyo hata kipofu anaiona."

Inspekta aliandika: shemeji. Akapiga mstari chini yake.

Mkuu wa kituo alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, funguo za gari mkononi. "Nenda. Ukimpata aliyeificha hiyo hati, mlete na pingu. Tangu lini karani akaishinda amri ya hakimu?" Kisha akaongeza kwamba jalada la polisi la kesi hiyo limefungwa, na lisiguswe, maana kulifungua jalada lililofungwa kunataka kibali cha makao makuu. Kosa, alisema, liko upande wa pili wa barabara.

Inspekta akavuka barabara.

Masjala ya mahakama ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja na rafu zilizofika darini. Feni ilikuwepo, lakini haikuwashwa kamwe, kwa sababu ikiwashwa karatasi zinaruka. Ukutani mtu alikuwa ameandika kwa rangi ya bluu: MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI. Karani alikuwa mtu mrefu, mwembamba, amevaa kidole cha mpira cha kufunulia kurasa, na alipomwona Inspekta alifunga daftari lililokuwa mbele yake.

"Nataka kuona kitabu cha kupelekea barua," alisema Inspekta. "Cha mwezi wa tano."

"Una barua?"

"Barua ya nini?"

"Ya kuomba kuona kitabu."

"Mimi ni mpelelezi."

"Ndiyo, dada. Na mpelelezi huja na barua."

Inspekta hakubishana. Aliketi kwenye kona ya meza hiyohiyo, akaandika barua. Karani aliipokea, akaigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, akaifungua kana kwamba hakuona ikiandikwa, akaisoma mara mbili, akaidhinisha kwa niaba ya bosi wake, akagonga muhuri wa pili. Dakika ishirini na tano zilikwenda. Kisha akaleta kitabu.

Jumanne, tarehe kumi na nne, mstari wa saba: amri ya kumwachia mahabusu, kwenda gerezani, imepelekwa na tarishi. Kwenye nafasi ya aliyepokea palikuwa na sahihi ya wino wa kijani, mkunjomkunjo tu, bila jina.

"Hii sahihi ya nani?"

"Ya huko ilikopelekwa."

"Au ya tarishi mwenyewe, amekaa chini ya kivuli, ana kalamu mfukoni."

"Tarishi amestaafu mwezi wa sita, dada. Kampigie simu."

Alijibu haraka mno. Na macho yake yalikuwa yamekwenda mara mbili kwenye kabati la chuma lililokuwa pembeni, lenye kufuli jipya kuliko kitu kingine chochote mle ndani.

"Kabatini mna nini?"

"Vifaa."

"Fungua."

"Ufunguo huwa anakaa nao..."

"Fungua, kaka. Barua ya kufungua nitakuandikia baadaye."

Karani alifungua. Magunia manne ya nailoni yalikuwa yamesimamishwa humo yamebanana, na la mbele likaanguka na kumwaga karatasi mpaka miguuni mwa Inspekta: viapo, risiti, hati za wito, maombi ya dhamana, barua za mawakili, zote zikiwa na mihuri ya kupokelewa na hakuna hata moja yenye namba ya ukurasa.

"Hizi ni nini?"

"Ni zile ambazo hazijaingia kwenye majalada."

"Za tangu lini?"

"Mwaka juzi." Karani alikaa juu ya gunia lililoanguka. Jasho lilikuwa limemtoka mpaka kwenye kola. "Tulikuwa makarani watano humu. Nimebaki mimi na mama mmoja ambaye yuko likizo ya uzazi. Kwa siku zinaingia mia mbili. Nikipanga themanini nimefanya kazi ya punda. Ukaguzi ukija nafunga kabati, wakaguzi wakiondoka nafungua, naongeza. Basi, umenikamata. Niandikie."

"Na shemeji yako mwenye bohari?"

Karani alimtazama kwa mshangao wa kweli, kisha akacheka, kicheko kikavu. "Yule? Tangu amwoe dada yangu hajanisalimu hata kwa honi. Mimi nimfungie mtu kwa ajili ya yule? Na ningetaka kuficha karatasi, dada, ningeficha zote. Ya nini kujisumbua na moja?"

Inspekta alimwamini. Alirudi kwenye kitabu, si kwa sababu alikuwa na wazo, bali kwa sababu kitabu kilikuwa bado kimefunuliwa. Alirudisha kurasa nyuma, moja moja, akitazama safu ya sahihi peke yake. Barua zilizokwenda hospitali zilipokewa kwa wino mweusi. Zilizokwenda kituo chake mwenyewe, bluu. Zilizokwenda gerezani zilikuwa thelathini na nne ndani ya miezi mitatu, na zote thelathini na nne zilisainiwa kijani.

"Gerezani wanatumia kijani?"

"Ofisi yao ya kumbukumbu. Ili wafungwa wasighushi. Kalamu moja, anakaa nayo sajini, kasoro kulala nayo tu."

Kwa hiyo tarishi hakutia sahihi chini ya kivuli chochote. Hati ilifika gerezani tarehe kumi na nne, siku moja tu baada ya hukumu, na mtu wa gerezani aliipokea. Na dirishani kwa miezi saba walikuwa wakimwambia dada mtu kwamba haijafika. Inspekta alifunga kitabu, akatazama saa. Nne na nusu.

"Naandikwa?" karani aliuliza akiwa bado juu ya gunia.

"Leo sina karatasi ya kutosha," alisema Inspekta, akatoka.

Sajini wa kumbukumbu wa gereza alikuwa mnene, mpole, na kalamu ya kijani ilikuwa imening'inia shingoni mwake kwa uzi wa kiatu. Hakuomba barua. Alisema tangu asubuhi hajapata mtu wa kuongea naye, akamvutia Inspekta kiti.

"Dirishani mnamwambia dada yake kwamba hati haijafika," alianza Inspekta.

"Dirishani wanasema kile kilichomo kwenye trei. Kwenye trei haimo."

"Lakini ulipokea. Hii hapa sahihi yako." Alimwonyesha picha aliyoipiga kwa simu.

"Ndiyo yangu hiyo." Sajini hakushtuka hata kidogo. "Niliipokea asubuhi, nikaishika mpaka jioni. Iliandikwa majina mawili, afande. Lake na la baba. Mimi humu nina watu wawili wenye majina hayohayo mawili. Mmoja huyo fundi wenu wa mizani, mwingine amefungwa miaka minane kwa kukata watu mapanga. Nimtoe yupi?"

"Si ungemuuliza yeye mwenyewe?"

"Nikiwauliza, wote wawili ni fundi mizani." Alifuta kipaji cha uso. "Mwaka juzi tulimtoa asiye mwenyewe. Aliyekuwa kwenye kiti hiki kabla yangu sasa hivi anafuga kuku. Tangu hapo, mtu hatoki bila jina la tatu, la babu, na jina la tatu linathibitishwa na fomu ya alama za vidole. Na fomu ya alama za vidole anayo nani? Mahakama hawana. Sisi hatuna. Mnayo nyinyi."

Inspekta aliacha kuandika. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo siku iliyofuata nikafunga hati yenyewe pamoja na barua ya kusindikiza, nikaipeleka kituoni kwenu. Thibitisheni jina la tatu, rudisheni hati, mtu atoke. Nikangoja. Mwezi wa saba nikaandika kuwakumbusha. Mwezi wa tisa nikaandika tena." Alifungua jalada lake, lililofungwa uzi vizuri, na kuzipanga nakala tatu mezani. Nyuma ya ile ya kwanza palibandikwa kipande cha kitabu cha upokezi: kituo cha polisi, Alhamisi tarehe kumi na sita, wino wa bluu. "Mimi sikusema kitu dirishani kwa sababu mambo ya ndani hayazungumzwi dirishani. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, afande. Huyo unayemtafuta nadhani mnakula naye."

"Yeye mwenyewe anajua haya?"

"Fundi? Nilimweleza. Alisema, basi andika barua nyingine."

Saa sita kasoro Inspekta alikuwa amerudi kituoni. Fundi cherehani alikuwa bado kwenye benchi la kaunta, mkoba magotini, akamtazama akipita. Inspekta hakusimama.

Masjala ya kituo ilishikwa na mzee mmoja aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, ambaye aliwaita maaskari wote wanangu, hata Mkuu. Alilitoa daftari la barua zinazoingia bila kuulizwa zaidi. Alhamisi, tarehe kumi na sita, mwezi wa tano: kutoka gerezani, barua na kiambatanisho kimoja. Safu ya mwisho iliandikwa: imeingizwa kwenye jalada.

"Nataka jalada lenyewe, mzee."

"Limefungwa hilo, mwanangu. Una kibali?"

"Sina."

Mzee alimtazama juu ya miwani yake. Kisha akasimama polepole, mkono kiunoni. "Mimi nakwenda msalani. Na umri huu, nikienda siwahi kurudi. Ufunguo wa chumba cha nyuma siku hizi nasahau sana, nauacha hovyo mezani."

Jalada lilikuwa rafu ya tatu, mahali pake hasa. Hakuna aliyelificha. Inspekta alilifungua juu ya goti lake na kuhesabu kurasa kwa namba nyekundu za pembeni. Ukurasa wa ishirini na mbili ulikuwa barua ya sajini. Chini yake, imeunganishwa kwa pini, ilikuwa hati halisi yenye muhuri wa mahakama na sahihi ya hakimu, safi kabisa, haina hata mkunjo. Ukurasa wa ishirini na tatu ulikuwa barua ya kwanza ya kukumbusha. Wa ishirini na nne, ya pili. Na juu ya barua ya kwanza, kwa wino mwekundu uliogongwa ukapinda kidogo, paliandikwa IMESHUGHULIKIWA, tarehe kumi na saba, na kando yake herufi mbili zilizopigiwa mstari mmoja mfupi.

Zile herufi mbili zilikuwa zake.

Alizitazama kama anavyotazama alama yoyote ya mkono katika kesi yoyote. Mstari mfupi, ulioanzia kulia kwenda kushoto, kwa sababu yeye ni mtu wa mkono wa kushoto. Hakuna mwingine kituoni. Hapakuwa na pa kwenda.

Mpelelezi wa kesi ile alikuwa amehamishwa mwezi wa nne, na majalada yake yakagawanywa, yenye namba witiri yakamwangukia Inspekta. Na Ijumaa ile ya tarehe kumi na saba aliikumbuka vizuri. Jumatatu iliyofuata makao makuu walikuwa wanakuja kukagua, na mkaguzi wao mpya alijulikana nchi nzima kwa jambo moja: hasomi majalada, anahesabu trei. Trei yenye barua ni ofisa mzembe, trei tupu ni ofisa hodari. Basi Mkuu alitoa amri kila trei iwe tupu kabla ya saa kumi na moja. Mihuri ikagawanywa. Walikaa wote chumba kimoja, redio imewashwa, mtu kaleta soda, wanagonga na kucheka, huyu anamwambia yule umechelewa, mimi nimeshafika mia. Yeye aligonga mia moja na kumi na nne. Kituo kilitoka cha pili, wakaandikiwa barua ya pongezi. Alifurahi siku ile, kweli alifurahi.

Barua mbili za kukumbusha nazo ziligongwa muhuri uleule, na mikono mingine. Aliyeipokea kila moja alifungua jalada, akakuta jambo limeshashughulikiwa, akashughulikia vivyo hivyo.

Aliona aibu. Ilikuwa zamani sana hajaona kitu kama hicho, akadhani kwanza ni njaa.

Fomu ya alama za vidole ilikuwa ukurasa wa tatu. Jina la babu liliandikwa hapo kwa herufi kubwa. Ingemchukua dakika mbili.

Mkuu alimkuta mle chumbani, jalada magotini. Alitazama ukurasa, akaona herufi, akafunga mlango nyuma yake.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna."

"Sasa sikiliza." Alichuchumaa, akazungumza kwa upole kama kaka mkubwa. "Mtu atoke leo, hilo halina mjadala. Lakini karatasi hupotea, Inspekta. Andika kwamba hati ilipotea njiani kati ya gereza na kituo. Tarishi yule wa mahakama, aliyebeba na barua za gereza, amestaafu, hatadhurika. Hakimu ataongeza jina, kesi kwisha. Ukiandika hivi ilivyo, watauliza zile nyingine mia na kumi na tatu ziko wapi. Na za wenzako. Na nani alitoa amri."

"Tarishi alifikisha kila alichopewa, Mkuu. Kila kitabu nilichofungua leo, sahihi ipo na tarehe ni sawa. Sajini alifanya kazi yake. Karani kazi yake. Hati ilitoka kwa hakimu Jumatatu, Jumanne gerezani, Jumatano ikaandikiwa barua, Alhamisi ikafika hapa. Haikuchelewa hata siku moja mpaka iliponifikia mimi."

"Utajimaliza kwa ajili ya muhuri?"

"Naomba karatasi ya kiapo," alisema Inspekta. "Zimekuishia au zipo?"

Mkuu aliinuka, akapangusa magoti. Alitoka bila kuufunga mlango, na mzee wa masjala, ambaye kumbe msalani hakwenda mbali, alileta karatasi nne za kiapo na kaboni tatu.

Saa nane na dakika arobaini hakimu alikuwa ofisini kwake anakunja joho lake na kulitia kwenye mfuko. Alisikiliza akiwa amesimama.

"Jina naweza kuongeza sasa hivi," alisema. "Lakini siwezi kuongeza jina kwenye amri ya miezi saba bila kiapo kinachosema amri hiyo ilikuwa wapi. Nani ataapa?"

"Nimeshaandika, mheshimiwa. Niapishe tu."

Hakimu alimwapisha, akaketi, akasoma. Alipofika ukurasa wa pili alirudi ukurasa wa kwanza.

"Umeandika 'mimi'."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Kwa kawaida huandikwa 'ofisi'. Ofisi iliipokea, ofisi haikuchukua hatua."

"Ofisi haina mkono, mheshimiwa."

Hakimu alivua miwani. Alionekana mtu aliyechoka, si mbaya wala mwema. "Unajua itanibidi nipeleke nakala kwa wakubwa wako."

"Nakala ya tatu ndiyo yao. Imeshaandikwa anwani."

Hakimu aliongeza jina la babu kwa mkono, akatia sahihi ndogo pembeni, tarehe, na muhuri. Muhuri ulikuwa umekauka. Alilazimika kuugonga mara tatu. Karani wa masjala aliiandika hati kwenye kitabu cha kupelekea barua, na kwa kuwa tarishi mpya alikuwa ameshaondoka, Inspekta akajaza jina lake kwenye nafasi ya tarishi. Saa tisa na dakika ishirini. Nyuma yao mlinzi alikuwa anafunga madirisha.

Gerezani sajini alilinganisha jina la kwanza, la pili, la tatu, akilifuata kila moja kwa ncha ya kalamu yake. Kisha akasema, "Hewala," na kutuma mtu ndani.

Fundi mizani alitoka saa kumi na dakika kumi. Alikuwa mtu mfupi, ndevu zimechanganyika mvi, amevaa shati lililokuwa likimtosha mwezi wa tano na sasa lilimpwaya. Alipewa mfuko wa plastiki wenye viatu, mkanda na bisibisi mbili. Aliambiwa atie sahihi mahali panne. Kila mahali aliuliza, "Wapi?" akaonyeshwa, akatia. Dada yake alikuwa nje ya geti. Alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku kama anayekagua mshono, akalia kidogo, akanyamaza. Kaka mtu hakulia. Alisimama akitazama magari yanavyopita.

Inspekta angeweza kuondoka hapo. Gari lilikuwa karibu, funguo mkononi. Fundi cherehani alimfuata.

"Umempata aliyeificha?"

"Haikufichwa. Ilihifadhiwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Fundi cherehani alingoja, akidhani kuna mengine yanakuja. "Kwa makusudi?"

"Hapana. Kulikuwa na ukaguzi, nilitaka trei yangu iwe tupu. Niligonga muhuri bila kusoma. Nisamehe, dada. Najua haisaidii kitu."

Ilimtoka vibaya, kama sentensi ya lugha aliyojifunza shuleni. Mwanamke hakumtukana. Alimtazama tu, na Inspekta, ambaye watu wamemtazama kwa chuki miaka kumi na sita bila kutikisika, alitazama chini.

"Maneno ya mdomo nimepewa miezi saba," alisema fundi cherehani. "Niandikie. Haya uliyosema sasa hivi. Kesho atakwenda kutafuta kazi, watamuuliza tangu mwezi wa tano ulikuwa wapi. Akisema gerezani, kwenye vitabu vyenu alikuwa huru. Atasema nini? Niandikie kwamba ni wewe na si yeye, na siku zilikuwa ngapi."

Inspekta aliweka karatasi juu ya boneti la gari. Aliandika tarehe, cheo chake, namba yake ya kazi, majina ya fundi mizani yote matatu. Aliandika alichofanya tarehe kumi na saba ya mwezi wa tano. Alihesabu kwa vidole tangu siku hiyo, mwezi baada ya mwezi, akaandika siku mia mbili na kumi. Kisha akashusha kalamu chini ya ukurasa.

"Ngoja," alisema fundi cherehani. "Usitie sahihi. Soma kwanza."

"Nimeandika mwenyewe."

"Soma. Kwa sauti, naye asikie."

Inspekta akasoma, tangu tarehe mpaka mwisho. Alipofika kwenye hesabu ya siku aliruka neno, akarudia mstari wote toka mwanzo. Alipomaliza, fundi mizani alisogea, akanyoosha mkono, akaichukua karatasi na kuanza kuisoma mwenyewe, kimyakimya, neno kwa neno, huku wanawake wawili wakimsubiri. Alichukua muda. Alirudi juu akaisoma mara ya pili. Kisha akailaza tena juu ya boneti, akainyoosha pembe zake kwa kidole gumba.

"Sasa tia," alisema.